Kifaa Kinachoisikia Hewa

Kwenye saa nne au tano za asubuhi, jua likishayapata mabati ya Kawangware na Riruta Satellite jijini Nairobi, mwewe huondoka nguzoni. Tangu alfajiri amekuwa pale juu karibu na bucha, macho yakiwa chini, akingoja mwenye kisu ageuke. Sasa anapiga mabawa mara tatu, mara nne, halafu anayatandaza na kuyaacha hivyo. Hapigi tena. Anazunguka pale pale, na kila mzunguko unamweka juu zaidi, mpaka anayemtazama kutoka kituo cha matatu za 46 anaona doa jeusi tu.

Kinachompandisha ni joto. Mabati, lami na udongo mkavu hushika joto upesi kuliko miti na majani. Hewa iliyoyagusa hupata joto nayo, ikawa nyepesi, ikabanduka kutoka chini na kupanda. Mara nyingi hupanda mita mbili au tatu kila sekunde, na siku ya jua kali hata mita tano. Mwewe ameingia ndani ya nguzo hiyo ya hewa na anahakikisha hatoki. Anajuaje kwamba yumo? Hilo ndilo la kuzungumziwa leo, msikilizaji, kwa sababu binadamu akiwekwa mahali pa mwewe hajui.

Na binadamu huwekwa kweli. Huko Iten, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, mji unaokaa kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi na unaojulikana dunia nzima kwa wakimbiaji wake, ardhi hufika ukingoni ikakatika ghafla. Chini, zaidi ya mita elfu moja, ni Bonde la Kerio, kavu, lenye joto, na mto unaoteremka kuelekea Ziwa Turkana. Kuanzia Desemba hadi Machi marubani wa paraglaida huja hapo, wengi wao wakikimbia baridi ya Ulaya. Paraglaida ni bawa la kitambaa lililofungwa kamba nyembamba, na rubani ameketi kwenye kiti kinachoning'inia. Haina injini wala fremu ya mbao au chuma, na yote hukunjwa ikaingia begi la mgongoni. Mchezo huu ulishika kasi baada ya mwaka 1978, waruka-miavuli wa Kifaransa walipoacha kuruka kutoka ndani ya ndege na kuanza kukimbia kutoka mteremko wa mlima huko Mieussy, kwenye milima ya Alps.

Bawa hilo, hata likiwa zuri namna gani, huanguka taratibu muda wote. Katika hewa tulivu hushuka mita moja na kidogo kila sekunde. Kutoka ukingo wa Iten hadi chini ya bonde ni safari ya dakika kumi na tano hivi, kisha rubani yuko vichakani akitafuta pikipiki ya kumrudisha juu. Anayetaka kukaa angani saa tatu au nne lazima apate hewa inayopanda kwa kasi kuliko bawa linavyoshuka, na akishaipata asiipoteze.

Hapo mwili unamwangusha. Anayepanda lifti ya jumba la KICC anaelewa: lifti ikianza kuondoka, miguu inahisi kusukumwa, ikisimama, tumbo linahisi kuelea. Katikati, wakati lifti inakwenda kwa kasi isiyobadilika, hakuna anachohisi, na kama si taa za namba za ghorofa asingejua anapanda au anashuka. Sikio la ndani hupima mabadiliko ya mwendo, si mwendo wenyewe. Rubani aliye mita 800 juu ya bonde hana ukuta wala nguzo ya kulinganisha. Anaweza kuwa anapanda mita mbili kwa sekunde akadhani ametulia; anaweza kuwa anazama akadhani anapanda.

Kifaa kinachomwambia ukweli ni variomita. Kazi yake ni moja: kusema hewa inakupandisha au inakushusha, na kwa kasi gani. Kimsingi kinapima kanieneo ya hewa, ule uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo uzito huo unavyopungua. Jambo hili lilithibitishwa tarehe 19 Septemba 1648, pale Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Blaise Pascal, alipopanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa na mrija wa zebaki, akaona zebaki ikishuka kadiri yeye alivyopanda. Mombasa, kando ya bahari, kanieneo huwa kama milibari 1,013. Riruta, kwenye mita 1,800 hivi, huwa karibu 820.

Kabla ya vifaa vya umeme, variomita ilikuwa na chupa, na chupa iliyofaa zaidi ni ile ile ya kuhifadhi chai isipoe. Hili lastahili kuelezwa, maana karibu kila nyumba ya Kenya ina themosi mezani. Chupa huachiwa mrija mwembamba tu wa kutolea hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, ile ya ndani ya chupa inatoka kupitia mrija, na mtiririko huo unasukuma mshale wa saa ndogo mbele ya rubani. Ikishuka, hewa inaingia, na mshale unageuka. Chupa iwe ya kuzuia joto kwa sababu hewa ikipata joto hutanuka, na mshale ungedanganya kwamba ndege inapanda kumbe jua limepiga chupa tu. Robert Kronfeld, rubani wa Austria, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuruka na kifaa cha namna hiyo katika ndege isiyo na injini, mwishoni mwa miaka ya 1920, na kikamsaidia kukaa angani kwa muda mrefu kuliko wenzake.

Leo themosi hiyo imeingia ndani ya kipande cha urefu wa milimita tano na upana wa milimita tatu. Kipo kihisi kiitwacho MS5611, kinachopendwa sana na watu wanaojitengenezea variomita. Juu yake kuna kifuniko cha chuma chenye tundu, na ndani kuna utando wa silikoni unaopinda kidogo hewa inapobadilika. Kupinda huko hugeuzwa kuwa namba. Kihisi hiki kinaweza kutofautisha sentimita kumi za mwinuko. Yaani ukikiweka chini sakafuni kisha ukakiinua hadi kwenye kiti, kinajua.

Hapo ndipo mambo yanapofika Riruta Satellite.

Mtaa huu, pamoja na Kawangware jirani na Kibera ng'ambo ya Barabara ya Ngong, hauna uhaba wa mikono inayojua kulehemu. Kwenye vibanda vya kando ya Barabara ya Naivasha simu hufunguliwa mchana kutwa, chini ya taa na kioo cha kukuza, na vipande vidogo kuliko punje ya mtama hung'olewa na kurudishwa. Fundi anayebadilisha tundu la chaji la simu bila kuunguza bodi amekwisha pata nusu ya ujuzi wa mikono unaotakiwa kutengeneza variomita. Vitu vyenyewe ni vichache: kihisi cha kanieneo, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kidole gumba, kihisi cha mtikisiko, kipokezi cha GPS, kioo cha kusomea, kijispika na betri. Kompyuta hizo ndogo zimekuwa kitu cha kawaida. Arduino ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi. ESP32 ilitoka Shanghai mwaka 2016 ikiwa na wifi na bluetooth ndani yake. Michoro na programu za variomita zimewekwa wazi na watu waliokwisha tangulia, kama vile GNUVario ya Wafaransa, na yeyote anaweza kuzisoma, kuzibadilisha na kuzitumia.

Kwa hiyo ugumu hauko kwenye kununua vipande wala kuviunganisha. Uko kwenye namba, na hapa inafaa kutulia kidogo.

Tumchukulie fundi ameunganisha kila kitu mezani usiku, ameandika programu fupi. Programu inasoma kanieneo mara 50 kwa sekunde, inaigeuza kuwa mwinuko, kisha inachukua mwinuko wa sasa, inatoa ule wa kabla yake, na kugawanya kwa muda uliopita. Hesabu ya darasa la sita. Anawasha. Kifaa kimelala juu ya meza, hakijaguswa, lakini kioo kinasema kinapanda mita tano kwa sekunde, kisha kinashuka mita nne, kisha kinapanda tatu. Kijispika kinalia kama kifaranga aliyepotea.

Hakuna kilichoharibika. Kihisi kinakosea sentimita kumi tu, kiasi ambacho katika shughuli nyingine kingesifiwa. Lakini sentimita kumi ukizigawanya kwa sehemu ya hamsini ya sekunde unapata mita tano kwa sekunde. Kosa dogo la mwinuko, likipita kwenye hesabu ya kasi, linakuwa kubwa kuliko hewa yenyewe inayotafutwa. Milibari moja hapa Nairobi ni kama mita kumi za mwinuko. Sentimita kumi ni sehemu ya mia ya milibari. Kifaa kinatakiwa kusikia mnong'ono huo katikati ya kelele zake chenyewe.

Dawa ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni wastani. Usisome mara moja, soma mara hamsini, jumlisha, gawanya. Kelele inapungua kweli, na kioo kinatulia. Ila sasa kifaa kinachelewa. Paraglaida huenda kama mita kumi kwa sekunde. Kifaa kikichelewa sekunde mbili, rubani anapoambiwa kwamba ameingia hewa nzuri amekwisha ipita kwa mita ishirini, na nguzo ya hewa ya Kerio, hasa karibu na ardhi, inaweza kuwa nyembamba kuliko hapo. Anageuka kulia wakati alipaswa kugeuka sekunde mbili zilizopita. Kifaa kinachochelewa kinamfundisha rubani kukosea, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na kifaa.

Njia ya kutokea iliandikwa mwaka 1960 na Rudolf Kálmán, mwanahesabu aliyezaliwa Budapest na kufanya kazi Marekani, na ndiyo iliyosaidia vyombo vya Apollo kujua mahali vilipo vikielekea mwezini. Wazo lake linaweza kuelezwa kwa mfano wa mashahidi wawili. Shahidi wa kwanza ni kihisi cha kanieneo: haongopi kwa muda mrefu, lakini kila anapoulizwa jibu lake linatetemeka. Wa pili ni kihisi cha mtikisiko, kile kile kinachogeuza kioo cha simu unapoilaza: yeye ni mwepesi, akisukumwa juu anasema papo hapo, lakini ukimwachia aendelee peke yake kosa lake linajilimbikiza mpaka anapotea kabisa. Kichujio cha Kálmán kinawasikiliza wote wawili kila sehemu ndogo ya sekunde, kinakadiria kila mmoja wa kuaminiwa kiasi gani wakati huo, kisha kinatoa kauli moja. Kwa hesabu hii kifaa kinaweza kujibu upesi bila kubwabwaja. Programu yake haizidi kurasa mbili tatu, lakini kuipatia vipimo vyake sahihi ndiko kunakokesha watu.

Kisha yanakuja mambo ambayo hayamo kwenye mchoro wowote. Fundi anayefanya kazi ndani ya chumba cha mabati atagundua kwamba mtu akifunga mlango kwa nguvu, kifaa kinapiga kelele. Mlango umesukuma hewa ya chumba, na kihisi kimeisikia kama mwinuko. Upepo ukivuma juu ya sanduku ni vivyo hivyo. Sanduku likizibwa kabisa, hewa ya nje haifiki kwa wakati; likiachwa wazi, kila upepo unasomwa kama kupanda au kushuka. Tena MS5611 ina ugonjwa wake: mwanga mkali ukiingia kwenye lile tundu, namba zinaruka. Mtu anaweza kukaa wiki nzima akitafuta kosa kwenye programu, kumbe kosa ni jua la saa sita linaloingia dirishani. Tiba yake ni kipande cha sifongo cheusi juu ya kihisi. Kinazuia jua, kinapunguza upepo, na kinaruhusu kanieneo kupita. Kipande cha sponji ya godoro kilichokatwa kwa wembe, kikiwa cheusi na chenye matundu wazi, kinafaa kabisa.

Lipo jambo jingine zuri zaidi, na Riruta ni mahali pazuri pa kulishuhudia. Acha kifaa mezani, kizime sauti, na andika mwinuko wake kila saa kuanzia saa nne asubuhi. Ifikapo saa kumi jioni kitadai kwamba nyumba imepanda mita thelathini hivi. Kesho yake kitafanya hivyo tena, na keshokutwa. Hii ni hewa ya ikweta inapumua. Kama bahari ya Mombasa inavyojaa na kupwa mara mbili kwa siku, hewa nayo ina kujaa na kupwa kwake, kunakosababishwa hasa na jua kupasha joto tabaka za juu. Kanieneo hufika kilele kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka chini kabisa kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Kwenye ikweta tofauti hiyo ni karibu milibari tatu; Ulaya ni ndogo sana na huzamishwa na mapito ya dhoruba. Mtengenezaji wa kifaa aliyeko Ujerumani hawezi kuiona waziwazi namna hii. Aliyeko Riruta huiona kila siku ya Mungu, na asipoijua atadhani kihisi chake ni kibovu.

Kuhusu kulinganisha na kipimo cha kuaminika, mtaa huu una bahati ambayo wakazi wengi huipita kwenye matatu bila kuigeukia. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, umbali ambao mtu wa Satellite anaweza kuutembea kwa miguu. Kanieneo ya mahali hapo hupimwa na kuandikwa siku zote. Na hapo hapo hurushwa baluni za kupima anga. Saa ambazo dunia imekubaliana kwa kazi hiyo ni, kwa saa zetu, tisa usiku na tisa alasiri. Baluni iliyojazwa gesi hupanda kama mita tano kwa sekunde, ikabeba kisanduku chepesi chenye vihisi vya joto, unyevu na kanieneo pamoja na kirusha mawimbi cha redio, mpaka kwenye kilomita thelathini hivi ambako hupasuka. Tangu 1996, kwa ushirikiano na idara ya hali ya hewa ya Uswisi, baluni za Nairobi zimekuwa pia zikipima ozoni, na vipimo vyake vinatumiwa na wanasayansi wa nchi nyingi kwa kuwa vituo vya namna hiyo kwenye ikweta ni vichache.

Kisanduku kile ni ndugu wa variomita. Kimetengenezwa Ulaya, lakini juu ya paa za Riruta vyombo vya kupima anga vimekuwa vikipanda kwa miongo. Mtoto anayekua hapa amezaliwa chini ya mojawapo ya anga zilizopimwa kwa uangalifu zaidi katika Afrika, na haifai akue bila kuambiwa. Anga yenyewe ya juu ya Kibera na Kawangware si mahali pa paraglaida, kwani ndege za Uwanja wa Wilson ziko karibu mno. Lakini kutengeneza na kupima hakuhitaji kuruka.

Turudi kwenye sauti, maana hapa redio inaelewa kuliko gazeti. Rubani hatazami variomita, anaisikiliza. Macho yake yako kwenye bawa, kwenye marubani wengine wanaozunguka naye, kwenye ukingo wa mwamba. Kwa hiyo kila kitu lazima kisemwe kwa mlio. Hewa ikipanda kidogo, kifaa husema pii, kinanyamaza, pii. Ikiongezeka, milio inakuwa ya juu na ya haraka: pii-pii-pii-pii. Ikishuka sana, unatoka mlio mmoja mzito usiokatika, kama ng'ombe anayelalamika mbali. Rubani mzoefu huzunguka kwa masikio tu, akilegeza mzunguko mlio ukiwa mkali na kuubana ukianza kufifia.

Kuchagua milio hiyo ndiko kubuni kifaa hasa. Wengi huanza kwa kukiambia kifaa kilie kinapopanda na kinyamaze kinaposhuka. Lakini kumbuka bawa lenyewe hushuka mita moja na kidogo kila sekunde. Kifaa kikionyesha kwamba rubani anashuka nusu mita tu, maana yake hewa iliyomzunguka inapanda zaidi ya nusu mita. Ni hewa changa, pengine ukingo wa nguzo kubwa iliyo hatua chache kushoto. Kifaa kinachonyamaza hapo kimemficha rubani habari aliyoihitaji kuliko zote. Kwa hiyo waundaji wazuri huweka mlio wa tatu, mwepesi, wa kukatikakatika, kwa ajili ya hewa hiyo ya katikati. Nani aamue uanzie wapi? Anayeruka Kerio mwezi wa Januari anahitaji kiwango kimoja, anayeruka juu ya pwani yenye upepo laini anahitaji kingine. Kifaa cha dukani humpa rubani orodha ya viwango aliyoiandika mtu wa mbali. Cha kujitengenezea husikiliza bonde ambalo kitatumika.

Ni sababu hiyo, kuliko bei, inayofanya kazi hii istahili kufanywa hapa. Bei nayo ni kweli: variomita nzuri za Uswisi, Ujerumani au Ureno zinagharimu fedha ambazo kijana wa Iten anayetaka kujifunza kuruka hana, na ikiharibika husafirishwa ng'ambo kutengenezwa. Kwa miaka mingi wageni wamekuja Kerio na mabawa yao, vifaa vyao, hata betri zao, na kuondoka navyo, huku wenyeji wakibeba mabegi na kuendesha magari ya kuwafuata. Si haki bonde liwe la Wakeiyo na Wamarakwet na elimu yake ya hewa ihifadhiwe kwenye kompyuta za watu wengine. Fundi wa Riruta na kijana wa Iten wanahitajiana: mmoja ana chuma cha kulehemu, mwingine ana anga.

Wala Nairobi si mgeni wa kubuni vyombo vyake. BRCK, kisanduku cha kuleta intaneti mahali ambapo umeme hukatikakatika, kilibuniwa hapa na kutangazwa mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na Waitaliano na Wajapani, kilipata satelaiti yake ndogo ya 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu mwezi Mei 2018. Satelaiti ya Kenya ya Taifa-1 ilifuata tarehe 15 Aprili 2023. Kati ya satelaiti na simu inayotengenezwa kibandani kuna nafasi kubwa iliyo wazi, na variomita inaketi sawasawa katikati yake: ni ndogo vya kutosha kufanywa na mtu mmoja, na ni ngumu vya kutosha kumfundisha.

Umakini unahitajika katika mambo mawili zaidi. La kwanza ni betri. Seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu za mkononi zinapatikana kwa urahisi na nyingine bado ni nzima, lakini chuma cha kulehemu kisiguse seli moja kwa moja, na chaji isipite volti 4.2. Seli ikiwaka moto mezani, mtu anakimbia nje; ikiwaka kifuani mwa rubani angani hana pa kukimbilia. La pili ni kioo. Kioo cha simu kinachong'aa chumbani hakisomeki chini ya jua la Kerio. Vioo vinavyotumia mwanga wa jua wenyewe, vile vya rangi mbili kama vya kikokotoo, husomeka vizuri zaidi kadiri jua linavyokuwa kali, na hula betri kidogo sana.

Majaribio huanza kwenye ngazi. Ghorofa za Riruta zinaongezeka kila mwaka, na ngazi zake ni rula: ngazi moja ni kama sentimita kumi na saba, na kifaa kizuri kinapaswa kuhisi ngazi moja na kulia wazi kwenye tatu. Panda taratibu, kimbia, simama ghafla katikati. Ukisimama nacho kinyamaze mara moja. Kikiendelea kulia sekunde mbili, rudi kwenye hesabu. Baada ya ngazi ni barabara. Matatu inayoteremka kutoka Iten kuelekea Tambach hushuka ukingo ule ule ambao marubani huruka kutoka kwake, kona baada ya kona, na dereva hahitaji kujua kwamba abiria wa dirishani ameshika kifaa mapajani na anaandika namba.

Ndipo inakuja siku ya kuruka, na hapa hakuna njia ya mkato. Kifaa kipya hakiruki peke yake. Rubani mwenye uzoefu hufunga variomita yake ya siku zote kwenye paja, ile anayoiamini, na cha Riruta anakiweka kando yake kikiwa kimewashwa lakini kimezimwa sauti. Kinasikia kila kitu na kuandika kila kitu kwenye kadi yake, hakisemi neno. Jioni, kwenye meza ya hoteli ya Iten, kadi hutolewa, na mistari miwili huchorwa mmoja juu ya mwingine: wa kifaa cha zamani na wa kile kipya. Mahali pengi itafuatana. Mahali fulani, labda pale rubani alipotoka ghafla kwenye kivuli cha wingu na jua likapiga sanduku, mmoja utaruka na mwingine hautaruka. Fundi anakuza sehemu hiyo, anaandika saa yake, dakika na sekunde, kisha anafungua sanduku kuangalia kama sifongo bado kiko mahali pake.